Shahidi wa Pili

Basi hugeuzia hapa, mwisho wa Wrocław.
Likatutema watu watano na mbwa asiye wetu.
Januari, saa moja na nusu, jua bado linajivuta
nyuma ya dohani za mtambo wa kupasha mji joto,
na theluji ya juzi imeshafanya gamba:
kila hatua inavunja sahani.

Wenye mji hawaji huku. Huku huja
maji yao ya vyooni na ya masinki,
mfereji hadi mfereji, tope hadi mchanga,
mpaka yasahau yalikotoka.
Lakini maji haya yana joto. Mto mzima umeganda,
mfereji huu pekee unafuka kama sufuria,
na ndege, wasio na kinyaa chetu,
wamejazana.

Bogumiła alituongoza. Miaka thelathini aliendesha tramu;
mpaka leo akisimama ghafla
mikono yetu hutafuta bomba la kushika.
Daftari lake hulifunga kwa mpira wa soksi,
kalamu huiweka kwapani, wino usigande.
Bata kichwa-kijani, mia na kumi na wawili.
Korongo wa kijivu, mmoja, kajikunja shingo
kama mtu anayengoja daktari amwite.
Shakwe mwenye pete ya njano
(kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
hata akiwa shakwe),
Leszek akaisoma herufi kwa herufi kwenye darubini,
machozi yakimtoka. Ni baridi, alisema. Baridi tu.
Kunguru hawahesabiki.
Bogumiła aliwahesabu.

Ndipo Wit, mtoto wa miaka tisa,
akasema polepole, kama aliyejikwaa:
"Mdiria. Pale. Bluu."

Sote tukageuka. Tuliona matete.
Tuliona chupa ya plastiki, tuliona mvuke.
"Ameshakwenda," akasema Wit.

Kanuni ni kongwe kuliko daftari:
ndege adimu anataka mashahidi wawili.
Bogumiła akavua glavu moja, akatutazama mmoja mmoja
kama anayedai tiketi.
Leszek akafuta lenzi aliyokwisha kuifuta.
Mtoto hakujitetea. Masikio yake tu
yalizidi kuwa mekundu.

Nikasema, "Nilimwona."

Sijui nani aliyesema. Mdomo ulikuwa wangu,
mvuke ulitokea kwangu.
Wino ukashika karatasi: mdiria, mmoja,
saa tatu na dakika nane, Wit na Halina.
Wit akaniangalia, wala si kwa shukrani.
Aliniangalia alivyoyaangalia matete:
kwa kungoja.

Wiki nzima nikauza dawa, nikarudisha chenji,
na kijidege kisichonijua kikanikaa kooni
kama mwiba wa samaki,
samaki aliyemla yeye.
Alhamisi nusura nimpe mteja vidonge vya mwenzake.
Usiku nilifungua kitabu: mgongo samawati, tumbo la kutu,
mdomo mrefu kuliko unavyohitajika.
Nikamkariri kama mtu anavyokariri
sura ya jamaa atakayempokea stesheni.

Jumapili, basi lile lile, safari hii peke yangu.
Vidole vya miguu viliniaga kabla sijafika.
Nilidhani nitasimama pale kwenye mfereji,
nilipe deni langu kwa macho,
niondoke, asijue mtu.

Kofia nyekundu ilikuwa imenitangulia.
Wit, amekaa juu ya ubao, chai inafuka magotini.
Hakugeuza kichwa.
"Umekuja kumwona?"

"Nimekuja kumwona tena," nikasema.

Neno hilo, tena, likatoka jeupe,
likaning'inia mbele ya uso wangu,
likakataa kuyeyuka.

Mtoto akalitazama mpaka likaisha.
Kisha akasogea,
akanipisha nusu ya ubao.